Mita Inapokosa Njia ya Kusema

Ukisoma nyaraka za zabuni za mita janja utakuta kurasa nyingi kuhusu usahihi wa kupima, aina ya relei (swichi ya kukata na kuwasha umeme) na uimara wa kasha. Mawasiliano hupewa mistari michache tu: yapite kwenye nyaya za umeme, au redio, au mtandao wa simu. Nimefunga na kutengeneza mita za umeme na za maji kwa muda mrefu, zaidi Dar es Salaam na Kanda ya Ziwa, na naona uzito umewekwa upande usiostahili. Mita za siku hizi zinapima vizuri. Kazi iko kwenye kuyafikisha yale yaliyopimwa, na njia ya kuyafikisha haiamuliwi mezani. Inaamuliwa na ukuta, bati, umbali wa nguzo, jirani mwenye mashine ya kuchomelea, na maji yanayojaa chemba wakati wa masika.

Nianze na LUKU, ambayo wengi huidharau kwa kuwa haina intaneti. Mimi naiheshimu sana. Zile tarakimu 20 unazobonyeza ni ujumbe kamili uliosimbwa kwa kiwango cha STS, kilichozaliwa Afrika Kusini na sasa kinatumika nchi nyingi. Ndani yake kuna kiasi cha uniti, kuna alama ya muda tokeni ilipotengenezwa, na kuna namba ya uhakiki inayogundua ukikosea kubonyeza. Ujumbe umefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, ndiyo maana tokeni yako haiingii kwa jirani. Hapo hakuna mnara wala modemu. Anayebeba ujumbe kutoka kwenye sava hadi kwenye mita ni mteja mwenyewe, kwa vidole vyake, hata kama anaishi kijiji kisichoshika mtandao wowote.

Lakini itifaki hiyo hiyo, yaani kanuni za namna ujumbe unavyopangwa na kusomwa, ilinifundisha jinsi uamuzi mdogo unavyoishi muda mrefu. Alama ya muda ndani ya tokeni huhesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na imepewa biti 24 tu, yaani nafasi 24 za sifuri au moja. Biti 24 zinabeba dakika milioni 16.7 hivi, na dakika hizo zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingebadilishiwa ufunguo kabla ya hapo ingeanza kukataa tokeni mpya. Ndiyo sababu wateja walipewa seti mbili za ziada za tarakimu 20, waziingize kwanza kabla ya ile ya umeme. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwasaidia wazee waliokuwa na karatasi yenye tarakimu 60 mkononi, macho hayaoni vizuri, na mita iko juu ukutani. Kuna watu walikaa chumbani miaka ya mwanzo ya tisini wakakubaliana biti 24 zinatosha. Miaka thelathini baadaye bibi mmoja anapanda kwenye kigoda kwa ajili ya makubaliano hayo. Tangu wakati huo, mtu akiniambia kitu fulani kwenye itifaki ni "cha kutosha kwa sasa", humuuliza mita yenyewe itakaa ukutani miaka mingapi.

Baadaye zikaja mita za nguzoni. Mita iko juu ya nguzo, mteja anabaki ndani na kidude cha kubonyezea tokeni, ambacho wengi wanakiita rimoti. Hapo ndipo mawasiliano yenyewe yalipoanza, maana rimoti lazima izungumze na mita, na katika aina nyingi wanazungumza kupitia waya ule ule unaoleta umeme. Mita na rimoti hupandisha ishara ya masafa ya juu juu ya umeme wa volti 230 na hezi 50. Mifumo mipya ya namna hii, kama ile ya kiwango kiitwacho G3, hutumia kilohezi 35 hadi 91, ikagawa ujumbe kwenye mawimbi madogo mengi ili baadhi yakizibwa mengine yapite. Ile ya zamani ilitegemea masafa mawili tu, na yakizibwa hayo, basi.

Kinachoziba ni vitu vya kawaida kabisa. Kulikuwa na mtaa mmoja, sitautaja, ambapo malalamiko yalikuwa yale yale: mchana rimoti inakubali, usiku inagoma. Mama mmoja alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Afadhali umekuja. Mimi nimenunua umeme, hela imekatwa, namba hizi hapa, na bado nakaa gizani na wajukuu. Asubuhi nikibonyeza zinaingia. Sasa asubuhi umeme wa nini?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Katika biashara ya kulipia kabla, hitilafu ya mawasiliano haionekani kwa mteja kama hitilafu ya mawasiliano. Inaonekana kama wizi. Nilikaa pale hadi saa mbili usiku, muda ambao tatizo lenyewe lipo kazini. Fundi akija saa nne asubuhi atakuta kila kitu kizima, ataandika kwenye fomu "hakuna tatizo", na mama atabaki vile vile. Nilikuwa na redio ndogo ya betri, nikaiweka kwenye mawimbi ya kati, sehemu isiyo na stesheni, nikaisogeza kwenye soketi za nyumba. Ilikuwa ikivuma kote, na kuchomoa vifaa vya mama kimoja kimoja hakukubadilisha chochote. Nikatoka nje nikafuata waya. Uvumi uliongezeka nilipokaribia kibanda cha saluni kilichokuwa pia kinachaji simu za watu, chaja zimepangwa ukuta mzima kwenye ekstensheni moja juu ya nyingine. Kijana wa pale aliniruhusu nizizime kwa dakika chache. Redio ikatulia. Nikampigia simu mama abonyeze, na nikasikia akipiga vigelegele kabla hajaniambia imekubali.

Chaja za kisasa hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo kelele yake inaangukia pale pale kwenye kilohezi ambazo mita inazitumia. Chaja nzuri ina kichujio cha kuizuia isirudi kwenye waya. Ya bei ya chini mara nyingi haina, kwa sababu kichujio ni gharama. Saluni ile ilikuwa kwenye fezi moja na nyumba kadhaa zilizokuwa zikilalamika. Tukaihamishia fezi nyingine isiyo na mita za aina ile, na kijana tukamwekea kichujio kwenye njia yake ya umeme. Malalamiko ya mtaa yakaisha, ingawa nyumba moja iliendelea kugoma.

Hiyo moja ilinifundisha upande wa pili. Mwenye nyumba alikuwa amechomeka rimoti kwenye stabilaiza ya friji. Stabilaiza haikuwa na kelele hata kidogo. Ilikuwa na kapasita za kulinda friji, na kapasita hizo kwa masafa ya juu ni kama shimo: ishara inaingia humo na kupotea. Kwa hiyo kwenye nyaya za umeme kuna vitu vinavyopiga kelele na vitu vinavyomeza, na dawa zake ni tofauti. Siku hizi kabla ya kufungua chombo chochote namwomba mteja achomeke rimoti moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, achomoe vifaa vingine, ahakikishe betri za rimoti ni nzima, maana umeme ukishakatika rimoti inaishi kwa betri hizo. Simu nyingi huishia hapo.

Kuna jambo jingine la nyaya za umeme ambalo wauzaji hulipita haraka. Ishara haivuki transfoma vizuri, kwa hiyo kila transfoma inahitaji konsentreta yake, kile kisanduku kinachokusanya habari za mita zote za chini yake na kuzipeleka mbele kwa mtandao wa simu au faiba. Italia walianza kufunga mita za namna hii mwaka 2001 na kufikisha mamilioni kwa mamilioni, na Ufaransa nao mita zao za Linky zinatumia nyaya. Kule transfoma moja huhudumia nyumba nyingi zilizobanana, konsentreta inajilipa. Peleka mpango huo huo kijijini ambako transfoma moja ina wateja wachache waliotawanyika, na gharama ya konsentreta kwa kila mteja inapanda hadi mradi unashindwa kujieleza. Uingereza wenyewe hawakuweza kutumia njia moja nchi nzima: kusini na katikati mita zao zilipewa mtandao wa simu, kaskazini zikapewa redio ya masafa marefu. Huwa nawakumbusha hilo wanaotaka itifaki moja kuanzia Kariakoo hadi Ukerewe.

Kwenye maghorofa naipenda waya ya data, ile ya jozi iliyosokotwa, RS-485. Ni ya zamani, na itifaki ya Modbus inayopita juu yake mara nyingi ni ya mwaka 1979, lakini ukiifunga kwa adabu inakaa miaka bila kukuita. Inafika mita 1,200 kwa kasi ndogo, haijali bati wala zege. Tatizo ni kwamba mafundi umeme wengi huifunga kama taa. Niliwahi kuitwa kwenye jengo la biashara ambalo mita za ghorofa za chini zilisomeka na za juu zilikuwa zinakuja na kupotea. Kila ghorofa ilikuwa imevutiwa waya wake kutoka chumba cha chini, zote zikakutana sehemu moja. Waya hii haitaki hivyo. Inataka kupita mita hadi mita kwa mstari mmoja, na kila ncha ya mstari iwe na kizuizi (rezista) cha omu 120, vinginevyo ishara inafika mwisho inagonga na kurudi kuwasumbua wengine. Kuna kipimo chepesi sana: zima umeme wa vifaa, weka multimita kati ya nyaya mbili za jozi, A na B. Ukisoma karibu omu 60, vizuizi viwili vipo mahali pake. Ukisoma 120, kimoja hakipo. Pale nilisoma omu chini ya 30, maana kila aliyefika alikuwa ameongeza kizuizi chake akidhani anasaidia. Tukavuta mstari upya, tukaacha viwili. Na tahadhari moja zaidi kwa mafundi wenzangu: watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe A na ipi B. Mita ikikaa kimya, geuza nyaya hizo mbili kwanza kabla ya kuilaumu.

Waya ya shaba nisingeivusha kutoka jengo hadi jengo, hasa ukanda wa Ziwa Victoria ambako radi ni nyingi kupindukia. Radi ikipiga karibu, ardhi ya jengo moja na ya jengo jingine hazilingani tena, na tofauti hiyo yote inapita kwenye waya wako wa data kuunguza kila kilichofungwa juu yake. Nimewahi kutoa mita zilizoungua kwa mpangilio ule ule wa waya. Vibadilishi viwili vya faiba na kipande cha faiba katikati vinamaliza hatari hiyo, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Ndiyo hekima ile ile iliyo juu ya minara ya msongo mkubwa: ukiona laini ya kilovolti 220, ule waya mwembamba wa juu kabisa unaozikinga nyingine na radi mara nyingi umebeba nyuzi za faiba ndani yake, na vituo vya kupoza umeme vinazungumza kupitia humo.

Redio nayo ina mahali pake, na kwa mita za maji ndiyo karibu njia pekee, kwa kuwa mita ya maji haina umeme. Inaishi kwa betri moja ya lithiamu inayotakiwa kudumu miaka kumi au zaidi. Kila mara mita inapofungua mdomo, inakula sehemu ya maisha yake. Kwenye LoRa, aina ya redio inayofika mbali kwa nguvu kidogo, jambo hili linaonekana wazi kabisa. Mita iliyo mahali pazuri hutuma usomaji wake kwa kasi ya juu, sehemu ndogo ya sekunde na imemaliza. Mita iliyofichika hushushwa hadi kasi ya chini kabisa ili isikike, na ujumbe ule ule sasa unachukua zaidi ya sekunde nzima, zaidi ya mara 20 ya muda wa mwanzo. Kwa hiyo mita mbili za kundi moja, zenye betri sawa, zilizofungwa wiki moja, zinaweza kuachana kwa miaka mingi, na sababu ni mfuniko wa chemba tu.

Mfuniko wa chuma ndio adui ninayemfahamu zaidi. Mita inatuma, chuma kinarudisha, kinachotoka ni kile kilichopenya pembeni. Kisha masika yanakuja, chemba inajaa, na mita yote inazama. Mita yenyewe haidhuriki, imeundwa kuzama, ila mawimbi ya redio ya masafa hayo yanamezwa na maji. Nimeona ramani ya mtaa kwenye kompyuta ikigeuka nyekundu mvua za Aprili, nusu ya mita haijulikani ziko wapi, na meneja anauliza kama zimeibiwa. Hazikuibiwa. Zilikuwa chini ya maji zikiita bila kusikika, na zikimaliza betri. Dawa tuliyoizoea ni kuitenga antena na mita: kebo fupi inapandisha antena hadi juu chini ya mfuniko, na mfuniko wenyewe unabadilishwa kuwa wa plastiki ngumu, ambao pia hauwavutii wauza vyuma chakavu. Dawa nyingine ni ya programu, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: mita itunze kumbukumbu yake ya kila saa kwa siku nyingi, na ikirudi hewani itoe yote iliyoshindwa kutuma. Mawasiliano yakikatika kwa wiki mbili na kumbukumbu ipo, umechelewa tu. Kumbukumbu isipokuwepo, mtu atakadiriwa bili, na hapo ugomvi unaanza.

Kwa mtandao wa simu sina mengi. Unafika haraka, unalipia kila mwezi, na minara haiko chini yako. Laini ya simu ndani ya mita ni kishawishi: Johannesburg, iliripotiwa mwanzoni mwa 2011, wezi walivunja taa za kuongozea magari kwa mamia ili kuchukua laini zilizokuwa ndani na kuzitumia kupiga simu. Laini ya mita ifungiwe kwenye njia ya faragha ya data, isiweze kupiga wala kupokea kitu kingine. Na modemu ya 2G kwenye mita inayotakiwa kuishi miaka 15 inanipa wasiwasi, maana nchi kadhaa tayari zimezima mitandao hiyo.

Njia ikipatikana, inabaki lugha. Watu wakisikia mita mbili zote ni za DLMS, lugha ya pamoja ya kusoma mita, wanadhani zitaelewana kesho yake. Nilishiriki kuunganisha mita za watengenezaji wawili kwenye mfumo mmoja. Zote zilikuwa na vyeti, na nishati yote iliyotumika zote zinaiweka kwenye anwani moja inayojulikana, 1.0.1.8.0.255. Hadi hapo safi. Lakini moja ilitaka aina ya usimbaji ambayo nyingine haikuwa nayo, orodha ya matukio kama kufunguliwa kifuniko ilipangwa tofauti, na funguo za usiri za kundi moja zilikuwa bado kwa mtengenezaji ng'ambo, hazijakabidhiwa. Mita zilikaa ukutani, zinapima, hakuna anayeweza kuzisoma kwa mbali. Vijana wakapanda na kifaa chenye sumaku cha kubandika kwenye jicho la mwanga la mita, ambalo katika mita nyingi huanza kwa kasi ya biti 300 kwa sekunde, na wakasoma moja baada ya nyingine juani. Funguo zilipokuja, kazi ya siku nyingi ikafanyika mchana mmoja. Sasa suala la funguo nalitaka kwenye mkataba kabla ya kontena kuondoka bandarini.

Na funguo si urasimu. Mita janja ina relei inayoweza kukata umeme kwa amri kutoka mbali. Itifaki za zamani za vituo vya umeme ziliundwa wakati kila aliye kwenye waya alikuwa mfanyakazi mwenzako, hivyo zilimtii yeyote anayejua kuzungumza nazo. Ukraine walipata uzoefu mchungu. Desemba 2015 wavamizi waliingia kwenye kompyuta za waendeshaji, wakafungua saketi breka na kuwaacha wateja wapatao 225,000 gizani, kisha wakaharibu programu ya vibadilishi vya mawasiliano ili mafundi wasiweze kurudisha kwa mbali. Mwaka uliofuata Kyiv ilishambuliwa kwa programu iliyojua kuzungumza itifaki za vituo vyenyewe. Mtu akiniambia mita zote za mji ziwe na ufunguo mmoja ili kurahisisha kazi ya mafundi, nakataa, na nimewahi kukataa mbele ya mkubwa wangu.

Kwa sasa niko kwenye mradi wenye vitu vyote hivi kwa pamoja: mita za umeme nguzoni, mita za maji kwenye chemba, na majengo kadhaa ya ghorofa. Tumeomba mambo mawili kabla ya kuagiza mzigo mkubwa. La kwanza ni kupima kelele ya nyaya za kila transfoma kuanzia jioni hadi usiku, kwa siku za kazi na za mwisho wa wiki. La pili ni mita chache za maji zikae chembani hadi masika yapite. Mwenye mradi amekubali la masika. La kupima usiku bado anasema linaongeza gharama ya posho, na wiki ijayo tunarudi mezani nikiwa na kumbukumbu za mtaa wa yule mama.